Kengele Iliyochelewa Chaani

Mwanangu Zuhura,

Umekwenda Kisauni kuwaaga shangazi zako, na babako amekusindikiza. Nyumba imenyamaza. Nimekaa kwenye meza ya kulia, upande wa dirisha, malori yakipita barabarani kama kawaida yao. Sanduku lako umelifunga kamba kama mtu anayehama dunia. Sitakuandikia habari za kula, za kulala, wala za kuchunga kitambulisho chako ndani ya gari moshi. Hayo nyanyako amekuhutubia wiki nzima, na kama kuna aliloliacha, basi halikuwa na maana.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema juzi tukikanda unga wa mahamri. Nilikuuliza huko Kisumu kazi yako hasa ni ipi. Ukanijibu, "Si kubwa, Mama. Kampuni ina mashine kwenye matawi mengi, na kila moja inajiangalia kivyake. Mimi nitaandika mpangilio mmoja, niusambaze kwa zote, kisha nikae ningoje kengele."

Sikukujibu. Ukadhani sikuelewa, ukaanza kunieleza taratibu seva ni kitu gani. Nikakuacha unieleze. Wajua kuwa nilifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha depo ya mafuta ulipokuwa mdogo, lakini wajua kama mtu ajuavyo nguo aliyovaa mamake siku ya harusi: umeambiwa, hukuona. Maneno yale uliyoyasema, nami niliyasema karibu vivyo hivyo mbele ya mkubwa wangu. Na nilikuwa na furaha kama yako.

Niliingia depo nikiwa mpiga taipu, mwishoni mwa miaka ya themanini. Kompyuta zilipoletwa, walitafutwa watu ambao vidole vyao vimezoea herufi, nami nikachukuliwa. Mkubwa wa chumba kile alikuwa Bwana Kilonzo, mtu wa Machakos, mpole wa sauti, aliyefunga tai hata katika joto la kaskazi. Alinifundisha vizuri, na hilo sitamnyima.

Mashine tulizoziita seva zilikuwa nne. Moja ya hesabu za ofisi. Moja ilisoma vipimo vya matangi ya uwanja wa mashariki, nyingine ya uwanja wa magharibi, huu uliopakana na nyumba zetu za Chaani. Ya nne ilikuwa kwenye depo ndogo ng'ambo ya Likoni, ikituletea habari zake kwa waya wa simu. Kila moja ilipangwa na fundi wake, kwa akili yake. Moja ilipiga kelele diski ikianza tu kujaa, nyingine hainyanyui sauti mpaka imekufa. Moja ilituma ujumbe wa maneno, nyingine tarakimu ambazo fundi aliondoka na maana yake. Bwana Kilonzo akaniita.

"Mwanaisha," akasema, "nataka seva ya ofisi iwe inaziuliza wenzake hali zao. Na zote zifuate maagizo mamoja. Mtu akikaa hapa ajue ipi nzima na ipi mgonjwa."

Niliifanya kazi ile kwa mapenzi, Zuhura. Nilivuka feri nikaenda Likoni, nikaketi kwenye kile chumba chao cha mabati mpaka buibui likanishika mgongoni kwa jasho. Nilikwenda kila uwanja. Mwisho nikaandika faili moja la maagizo: joto la mashine likifika hapa, lia, diski ikijaa kiasi hiki, lia, kipimo kipya cha tangi kisipoletwa kwa muda mfupi, lia. Nikalisambaza kwa zote. Siku skrini ilipoonyesha mashine zote zimepanga mstari, kila moja na neno "sawa" mbele yake, Bwana Kilonzo aliwaita wakubwa waje watazame. Nilirudi nyumbani nikamwambia babako kuwa sasa nimeielewa kazi. Yeye alikuwa chini ya gari la mtu, akatoa kichwa akasema, "Hongera," akarudi chini.

Kisha ikaja masika, na Likoni ikaanza kunisumbua. Mlinzi wa mashine huko, kijana wa Mtongwe aliyeitwa Saidi, alikuwa akinipigia simu kila siku.

"Da Mwanaisha, kengele yako hii yatutoa roho. Mvua ikinyesha, waya wa simu wakatika, wenyewe warudi. Kengele ishalia. Twatoka mbio, twaenda kuangalia, hakuna kitu."

"Vumilieni kidogo."

"Mie navumilia. Wenzangu wameitia kitambaa."

Kengele iliyotiwa kitambaa ni mbaya kuliko kukosa kengele, hilo nililijua. Basi nikaona niongeze muda wa kungoja. Badala ya mashine kupiga kelele mara tu kipimo kinapochelewa, ingoje kwanza, waya upate nafasi ya kurudi. Nikafungua faili, nikaubadilisha ule muda, nikafunga. Saidi akanipigia kesho yake kunishukuru. Nikaona nimewatendea wema.

Faili lile lilikuwa la wote. Nililijua hilo kama nijuavyo jina langu, maana ni mimi niliyelifanya liwe la wote. Lakini siku ile nilikuwa naiwaza Likoni, nafikiria ule waya wao na mvua yao, na mtu akishughulikia mlango mmoja hakumbuki kuwa ufunguo alioushika unafungua nyumba nzima. Sikumwambia Bwana Kilonzo. Sikuwaambia watu wa uwanja wa magharibi kwamba tangu leo, mashine yao ikinyamaza, kengele itangoja kwanza.

Sasa nikueleze siku yenyewe.

Meli ilikuwa bandarini ikishusha petroli, nayo ilikuwa ikija kwa bomba mpaka kwenye tangi kubwa la uwanja wa magharibi. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha sana. Kila tangi limezungushiwa ukuta mfupi, ili mafuta yakimwagika yabaki ndani, na kwenye ukuta kuna valvu ya kutolea maji ya mvua. Katana, msimamizi wa uwanja, umjuaye, yule mzee wa Kaloleni anayekuletea maembe, alikuwa ameifungua valvu hiyo maji yatoke. Akaitwa kwingine, akaiacha wazi. Yale maji hutokea kwenye mtaro unaopita nyuma ya ua wa depo, ukateremka katikati ya nyumba za Chaani. Waujua mtaro ule.

Nilikwenda kuswali alasiri. Niliporudi nikatazama skrini kwa mazoea tu. Mashine zote "sawa". Tangi la magharibi lilionyesha kimo kile kile nilichokiacha, mpaka tarakimu ya mwisho. Tangi linalojazwa halitulii hivyo. Nikajiambia pengine meli imepumzisha pampu. Nikainua simu ya ndani, nikauliza chumba cha pampu.

"Pampu zaenda," mtu akanijibu. "Tangu mchana hazijasimama."

 Mashine ya magharibi ilikuwa imeganda. Haikuleta kipimo kipya, ilikuwa ikirudia tu kile cha mwisho, kama mgonjwa anayejibu "njema" kwa desturi, nasi tukiandika kuwa ni mzima. Na kengele, ambayo ingepaswa kulia zamani, ilikuwa ikingoja, kwa sababu mimi niliiambia ingoje.

Nikamgeukia Bwana Kilonzo. "Pampu zisimamishwe."

Alikuja akasimama nyuma yangu, akaisoma skrini. "Inasema liko chini ya alama. Una hakika?"

"Sina."

"Meli ikisimamishwa bure, mimi na wewe ndio tutakaojibu."

"Sina hakika, Bwana Kilonzo. Zisimamishwe."

Alinitazama kidogo tu, lakini mimi niliuona mrefu mtazamo ule. Kisha akanyang'anya simu mkononi mwangu na kutoa amri. Nami nikaenda dirishani. Kwa mbali niliona Katana na wenzake wanakimbia, na ubavuni mwa tangi kitu chang'aa, kikiteremka polepole, kama chungu kinachofurika uji. Harufu ikatufikia na madirisha yamefungwa.

King'ora cha depo kikaanza kulia. Watu wa zimamoto wa kampuni wakawa wanaburura mipira ya maji. Katana niliona ameinama kwenye ukuta, anaizungusha ile valvu kwa mikono miwili. Hapo ndipo nikakumbuka mvua ya asubuhi. Nikakumbuka mtaro. Nikakumbuka ni wakati gani wa siku, na Chaani wakati huo kila mlango una jiko.

Sikuomba ruhusa. Nilipita lango la nyuma, viatu nikaviacha sijui wapi. Mtaroni petroli ilikuwa juu ya maji ya mvua, rangi kama za upinde, ikienda taratibu bila haraka yoyote. Mimi nakimbia, nayo yaenda, na kwa muda tulikwenda sambamba. Nilikuwa nikipiga kelele, "Zimeni majiko! Zimeni!" Watu walitoka milangoni kunitazama. Wengine walinijua kuwa mke wa Hamadi fundi, babako, wakadhani nimefiwa. Kijana mmoja alikuwa na sigara mkononi. Nilimpiga mkono, ikaanguka kwenye mchanga, nikaikanyaga kwa mguu mtupu.

Chini pale mtaro unapokata kona ndipo Mama Kadzo alipokuwa akipika viazi karai. Wakati ule alikuwa akiketi ukingoni kabisa mwa mtaro, kwa ajili ya kivuli cha ukuta wa jirani. Karai lilikuwa juu ya makaa, mafuta yamechemka. Na mbele yake kulikuwa na wateja watatu wanne, na mmoja wao ulikuwa wewe, umeshika sahani ya nyanyako.

Hadithi hii umeisimulia mara nyingi kwa upande wako, ukiwachekesha watu: kwamba siku moja mama alikuja mbio kichwa wazi, akakupiga mgongoni mbele za watu, sahani ikavunjika, na mpaka leo hujui kosa lako. Hukuwa na kosa. Nilitaka ukimbie kabla hujauliza, maana wewe tangu utotoni lazima uulize.

Ulikimbia. Nikabaki na Mama Kadzo.

"Zima jiko, Mama Kadzo."

"Kwani kuna nini?"

"Petroli iko mtaroni. Zima."

Aliinamia ndoo ya maji. Nikaushika mkono wake. "Si maji. Mchanga." Alinielewa mara moja, ni mwanamke mwepesi. Alilishika karai kwa vitambaa aliondoe juu ya makaa ili tufukie moto, nami nikawa nachota mchanga kwa mikono kama mbwa anayechimba. Katika haraka ile karai likayumba. Mafuta yakamwagika mguuni mwake, kuanzia gotini mpaka kwenye kidole. Hakupiga ukelele. Alilishusha karai chini, mbali na mtaro, wima, ndipo akaketi. Mimi nilikuwa bado nafukia makaa. Petroli ilifika pale jiko likiwa limeshakuwa kichuguu cha mchanga unaofuka moshi. Nilikaa nikiutazama ule moshi mwembamba, na rangi zile zinapita mtaroni chini yake. Moto haukushika.

Watu wa zimamoto wakaja na povu lao, wakaufunika mtaro wote. Hapakuungua nyumba hata moja. Watu wa Chaani walisema ni bahati, wakazungumza siku mbili tatu, kisha wakaendelea na maisha.

Lakini depo iliita kikao. Siku moja kabla, Bwana Kilonzo alikuja mezani kwangu akaegemea.

"Watakuuliza mashine ilikuwaje," akasema. "Sema iliganda. Si uongo."

"Si uongo. Na kengele je?"

"Kengele hawataiuliza. Hawaijui. Wana valvu iliyoachwa wazi, na mtu aliyeiacha. Inawatosha."

Mtu mwenyewe ni Katana. Nilirudi nyumbani nikamweleza babako yote. Alikuwa akila. Aliusukuma wali pembeni akafikiri. Wakati ule gereji yake ilikuwa haijasimama vizuri, na mshahara wangu ndio ulioitegemeza nyumba hii, yeye alilijua hilo kuliko mimi. Akasema, "Sema lako, Mama Zuhura. Lakini liwe lako tu. Usimbebee mtu la kwake, wala usimtupie mtu la kwako."

Asubuhi nilimkuta Katana kwenye benchi nje ya chumba cha kikao, amevaa shati lake la kanisani. Aliniamkia vizuri. Nikaingia ndani nikawaambia wakubwa kuwa valvu ni ya Katana na atalijibu mwenyewe, lakini kengele ilichelewa kwa mkono wangu. Nikawaeleza habari ya Likoni, waya, kitambaa, na lile faili. Meneja aliniuliza, "Nani alikukagua?" Bwana Kilonzo alikuwa akitazama kalamu yake. Nikasema, "Hakuna. Sikumwomba mtu anikague." Ilikuwa kweli, Zuhura, na ilikuwa yangu. Wangeuliza kwa nini hapakuwa na desturi ya kukaguana, hilo lingekuwa la mtu mwingine. Hawakuuliza.

Katana alisimamishwa kazi kwa muda, kisha akarudishwa. Bila yale niliyoyasema angefukuzwa, ameniambia mwenyewe. Mimi nilirudishwa kwenye taipu, kwenye pembe karibu na stoo. Bwana Kilonzo hakunisemesha tena mpaka alipohamia Nairobi. Ilinichoma, kwa sababu nilimpenda kama mwalimu wangu.

Lililokuwa zito zaidi lilikuwa Mama Kadzo. Nilikwenda kumfunga bandeji mguu ulipokuwa bado mbichi, na siku moja nikamwambia habari ya kengele. Nilidhani atalia au atanifukuza. Akasema, "Kumbe ulikuja mbio kuniokoa na moto wako mwenyewe."  Tangu siku ile nikimsalimu alikuwa akigeukia karai lake. Ilikwenda hivyo muda mrefu, tukikutana kisimani, tukikutana dukani. Ramadhani iliyofuata alileta sahani ya viazi wakati wa futari, akamkabidhi nyanyako mlangoni, si mimi. Nilivila vyote. Polepole tukarudiana, lakini si kama zamani. Ukimwona anaburuta ule mguu kidogo wakati wa baridi, sasa wajua.

Baadaye akaja mkubwa mpya, akasikia habari zangu, akaniita. Akasema anataka mtu aliyekwisha kuumwa. Nikarudi kwenye mashine zile zile. Safari hii nilichukua muda mara mbili. Yaliyokuwa ya wote kweli niliyaacha yawe ya wote, hayakuwa mengi. Mengine kila mashine nikaipa mipaka yake, Likoni kwa joto lake na waya wake, magharibi kwa jirani zake. Nikaiongezea maagizo kuwa kipimo kikirudi kile kile pasipo kusogea wakati pampu zaenda, kengele ilie, hata kama mashine yenyewe yajibu kuwa ni nzima. Nilipobadilisha kitu, nilikwenda mwenyewe kuwaambia watu wa mahali pale, uso kwa uso. Na sikuamini neno "sawa" mpaka nimechomoa waya kwa mkono wangu na kuisikia kengele ikilia.

Sikukatazi kuandika mpangilio mmoja. Pengine huko mashine zenu ni za namna moja. Nakwambia tu kuwa kila mashine imekaa mahali, na mahali pana watu, na wewe ukiwa mbele ya skrini yako Kisumu watu hao hutawaona. Mimi niliishi nao mtaa mmoja na bado sikuwaona.

Utakosea, mwanangu. Nakujua, wewe ni mwepesi kama mimi, na watu wepesi hukosea wakikimbilia kutenda wema. Ukishakosea, sema mapema, kabla mtu hajavalishwa shati la kanisani kwa ajili yako.

Jambo moja la mwisho. Nilipokwisha kuzipanga mashine zile upya, kengele ya magharibi ililia, adhuhuri, watu wameketi kula. Niliona dirishani wote wanaacha sahani zao na kukimbia, Katana mbele, kwa miaka yake ile.  Baada ya muda alipanda ngazi mpaka chumbani kwetu, jasho lamtiririka, mkononi ana kipande cha waya uliotafunwa.

"Panya," akasema.

Nikamwomba radhi kwa kumkimbiza bure na chakula chake kipoe.

Alinitazama kana kwamba sikusema Kiswahili. "Nani kakimbia bure?" akasema. "Nimefika, nimeshika valvu kwa mkono wangu, imefungwa. Sasa ndiyo nitakula."

Akashuka ngazi. Nikasikia anawaambia wenzake warudi wakale.

Nasikia lango, na sauti yako na ya babako mkibishana njiani. Nitaitia barua hii chini ya kanga zako, uikute ukishafika. Mola akuhifadhi, akupe kazi ya kheri na majirani wema.

Mimi mamako,
Mwanaisha